Kisufuria cha Pembeni

Juzi alikuja kijana mmoja hapa nyumbani Bangwe, kashika mfuko wa machungwa, akitaka nimpe siri ya biashara ya chakula. Ana mpango wa kufungua banda la chipsi karibu na stendi. Nikamwuliza, "Jikoni kwako utaweka mafiga mangapi?" Akanijibu habari za spika, habari za taa za rangi, na ukurasa atakaoufungua mtandaoni. Nikarudia swali langu la mafiga, yaani meko ya kuinjikia masufuria, kila sufuria na lake. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemtazama babu anayetafuta miwani iliyo usoni mwake mwenyewe. Machungwa niliyapokea, ni matamu kweli, lakini najua aliondoka akiamini nimemficha kitu.

Sikumficha. Ila mimi nikianza kueleza huwa nazunguka, na vijana wa siku hizi hamna subira ya kuzungushwa. Basi nimeamua kuandika, ili atakayechoka afunge ukurasa bila kuniaga.

Nilipika Kibirizi, pale boti zinaposhushia dagaa na migebuka, wale samaki wembamba wa ziwa letu, kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wenu. Hoteli yangu ilikuwa pale nyuma ya wauza turubai. Huku kwetu banda lolote lenye meko na mabenchi tunaliita hoteli, kwa hiyo msicheke. Kazi nimeiacha kwa sababu ya magoti, na macho nayo yalishachoka kugombana na moshi. Pishi nililokuwa nalifahamu vizuri ni lilelile linalofahamika na kila mtu wa Kigoma: ugali wa muhogo, mgebuka wa mawese, dagaa wa kukaanga, maharage, na sombe, yaani kisamvu. Hakuna siri hapo. Siri, kama mnang'ang'ania kuiita hivyo, ilikuwa kwenye figa moja la ziada na kisufuria chake.

Kisufuria nilikirithi kwa Shangazi Mwavita. Huyu alikuwa dada wa baba yangu, mwanamke wa Ujiji hasa, mnene, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kusahau kwamba alikasirika. Alikuwa na hoteli jirani na soko. Mimi nilikwenda kwake baada ya kushindwa ufundi baiskeli, maana kila baiskeli niliyoifungua ilibaki na nati moja mkononi mwangu. Shangazi akasema hata jikoni vitu vikibaki si hasara, vinaliwa.

Asubuhi ya kwanza alinionyesha masufuria yake makubwa yalivyopangwa, kila moja na figa lake. Pembeni kabisa, karibu na mlango, kulikuwa na figa lililobaki wazi. Akaweka juu yake kisufuria kidogo kilichokatika sikio moja.

"Hapo," akasema, "kila siku utanipikia kitu ambacho jana hukukijua."

Nikapika maharage, nikaongeza pilipili. Shangazi akachovya kijiko, akaonja, akatoka nje akawamwagia kuku.

"Hicho jana ulikijua. Umekipaka pilipili tu."

"Shangazi, hiki cha pembeni tunauza?"

"Hatuuzi."

"Si tunapoteza mkaa?"

"Mkaa ni wangu. Wewe pika."

Hayo ndiyo maelezo yote niliyowahi kupewa. Ningependa kuwaambia kwamba aliniketisha akanifundisha hekima, lakini Shangazi hakuwa mtu wa kuketisha watu. Masharti yake niliyajua kwa kugombezwa. Nilipokata nyama nzuri ya wateja nikaitia kwenye kisufuria, nilifokewa mpaka jirani akachungulia: cha pembeni kinapikwa kwa kilichobaki, kilicho karibu kuharibika, au kilichokosa mnunuzi sokoni. Nilipokiacha siku ya mnada kwa kuwa wateja walikuwa wengi, nilifokewa tena, kwamba siku ya kazi nyingi ndiyo siku ya kukipika, maana ukikipika siku za uvivu tu kitakuwa mchezo wa wavivu. Kilitakiwa kiive kabla ya msongamano wa mchana. Kikiungua, kimeungua, tunasugua tunaendelea.

Sharti kubwa lilikuwa la kuonja. Mteja alipewa kijiko kimoja bure, lakini lazima aseme kasoro. Anayesema "tamu, Mungu akubariki" alikuwa hapewi tena. "Huyo amekula sadaka," Shangazi alikuwa akisema. "Sisi hatutoi sadaka hapa, tunatafuta akili za watu."

Nilipofungua hoteli yangu Kibirizi nilihama na kisufuria chenyewe, kile kile cha sikio moja. Waonjaji wangu wakawa wapagazi wa bandarini. Hawa ni watu wanaobeba magunia ya dagaa tangu alfajiri, na mtu aliyetua gunia hana muda wa kukubembeleza. Kiongozi wao alikuwa Hamenya, Muha wa upande wa Kasulu, mrefu, anayeongea taratibu mpaka unadhani amesahau alichokuwa anasema, kumbe anakinoa.

Siku moja nilichemsha mgebuka na nanasi. Nilijiona nimegundua dawa. Hamenya akaonja, akatafuna, akameza.

"Mzee," akasema, "hiki kimepikwa na mtu aliyegombana na mkewe."

Benchi zima likaangua kicheko, mimi nikanuna. Kesho yake, kabla sijafungua mdomo, mpagazi mmoja akaniuliza kama leo tena kuna Ugomvi. Kuanzia hapo kila kisufuria kikawa kinaitwa kwa tusi lake. Kulikuwa na Ugomvi. Kulikuwa na Mtu wa Boti, ambacho kilikuwa sombe na karanga nililolizidishia maji, Hamenya akasema limelowa kama abiria aliyekaa mbele ya boti siku ya mawimbi. Kulikuwa na Hotuba, uji wa ndizi mbivu, kwa kuwa ulikuwa mrefu na hauna kitu ndani. Mimi sikuandika popote. Mambo hayo yalikaa vichwani mwa watu kwa sababu yalichekesha, na kitu cha kuchekesha mpagazi hakisahau.

Niwaambie ukweli, vingi vilikuwa vibaya. Nikikumbuka dagaa niliowapika na kahawa, natema mate mpaka leo. Kijana akinijia na kusema amejaribu kitu kipya kikashindikana, kwa hiyo ubunifu si fungu lake, huwa namwambia hajaanza hata kuhesabu. Kizuri cha kisufuria ni udogo wake. Kikiharibika, hasara yake ni vijiko vichache na kicheko. Ninyi mnaanza na sufuria kubwa, na mkopo juu yake, halafu mnashangaa mnaogopa kujaribu.

Sasa nimlete Anastazia. Alitoka Mwamgongo, kule kaskazini ya Gombe unakofika kwa boti, akaja kuniomba kazi ya kuosha vyombo. Alikuwa na watoto wawili na hakuwa na mtu mwingine wa kumtegemea. Maneno yake yalikuwa machache mno, mpaka mwanzoni nilidhani ana kiburi. Baadaye nikaelewa kwamba anasubiri nimalize kuongea, na mimi huwa simalizi. Kwangu kisufuria hakikuwa cha mpishi peke yake. Kila aliyefanya kazi jikoni alikuwa na zamu, hata wa kuosha vyombo. Nilipomwambia zamu ya kesho ni yake, akauliza, "Nipike nini, Mzee?" Nikamjibu kama Shangazi: mkaa ni wangu.

Zilikuwa siku za mbalamwezi. Wasiokaa ziwani niwaeleze: mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo boti nyingi hukaa ufukweni na samaki huadimika kidogo. Jirani yetu muuza mboga alikuwa amekwama na bilinganya, hakuna anayezitaka. Anastazia akazichukua. Akazipasua katikati kama unavyompasua mgebuka, akaacha kikonyo, akazitia chumvi, akazianika juu ya bati hadi zikasinyaa. Halafu akazilaza kwenye chanja yetu ya waya, ile tunayobanikia migebuka, akafukiza moshi wa makapi ya chikichi. Chanja ile ilikuwa imelowa mafuta ya samaki wa miaka. Mwisho akaziunga kwa mawese, nyanya na ndimu.

Hamenya akaonja. Akaonja tena, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mgebuka huyu," akasema, "hana mwiba wala hana mama."

Basi, kikawa Hana Mama. Tulicheka, tukakirudia mara chache, kisha tukakisahau. Nani atakula bilinganya Kibirizi, mahali ambapo samaki anatoka kwenye boti akiwa bado anapiga mkia? Anastazia naye hakulalamika. Zamu zake zilizofuata alipika mengine, na taratibu akatoka kwenye vyombo akawa mpishi wangu wa kwanza.

Kisha serikali ikatangaza kwamba ziwa litafungwa.

Ninyi mlio wadogo mtaona ni jambo la kawaida, maana mmelizoea. Lakini ile mara ya kwanza hatukuelewa. Ziwa linafungwaje? Lina mlango? Watu walitaniana hivyo sokoni, na kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Tulielezwa kwamba uvuvi unasimama kwa miezi mitatu, samaki wapumzike wazaliane. Nilikubali kichwani, maana nimeona kwa macho yangu jinsi migebuka ilivyokuwa inapungua ukubwa. Moyoni nilikuwa na hofu. Mimi nauza samaki na ugali. Ukitoa samaki, unabaki na ugali.

Asubuhi ya kwanza ya kufungwa, Kibirizi ilinyamaza. Boti za abiria na mizigo ziliendelea, saruji ilipakiwa, muhogo ukashushwa, wapagazi hawakuisha. Lakini zile kelele za wanawake wanaogombea ndoo za dagaa hazikuwepo, na kunguru walikuwa wanatembea tu kama watu wasio na kazi.

Mwenye banda langu alikuwa Mzee Sudi, mtu wa Ujiji, tuliyekua naye mtaa mmoja. Akaja akakaa kwenye benchi, akakataa chai, nikajua ana jambo.

"Kasimu ndugu yangu," akasema, "mimi na wewe hatufichani. Banda likikaa na majivu baridi mimi naumia. Kuna kijana wa taa za sola ameshaniuliza mara mbili. Nimemwambia asubiri. Lakini ukifunga, nampa."

"Sijafunga, Sudi."

"Sijasema umefunga. Nasema ukifunga."

Hakuwa mtu mbaya. Hata mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo. Lakini usingizi uliniruka. Kwa umri wangu, nikipoteza nafasi ile sipati nyingine ufukweni, na jina la hoteli yangu lingekwisha pale pale. Na Anastazia je? Angerudi Mwamgongo na watoto, ambako wavuvi wenyewe walikuwa wamekaa mikono mapajani. Siku hizo nilimwona anasugua masufuria yaliyokwisha takata.

Mwanzoni tulifanya kama wenzetu wote: maharage. Mstari mzima wa mabanda ulinuka maharage. Nikajaribu nyama, ikawa ghali, wapagazi wakaitazama kwa heshima kama mgeni wa serikali na kuipita. Dagaa wakavu waliobaki kwenye maghala walipanda bei mpaka sahani moja ikawa anasa. Watu wakaanza kubeba chakula kutoka nyumbani, maana maharage hata mke anajua kupika. Jirani yangu wa kushoto akafunga. Wa pili yake akafunga. Mchana mmoja nilihesabu benchi zangu tupu nikajikuta natafuta maneno ya kumwambia Sudi.

"Mzee," Anastazia akasema nyuma yangu.

"Nini?"

"Visufuria."

Nikamwambia kisufuria cha leo kimepikwa, si hicho hapo. Akatikisa kichwa.

"Vyote, Mzee. Tangu mwanzo. Vingi havikuwa na samaki."

Nilisimama na mwiko mkononi. Vijana wangu, ilinichukua maisha mazima kupata jibu la lile swali la mkaa nililomwuliza Shangazi Mwavita. Miaka yote ile nilidhani napika vitu vya kuchekesha wapagazi. Kumbe tulikuwa tumejaza ghala, na mlinzi wa ghala alikuwa mdomo wa Hamenya.

Nikamwita yeye na wenzake, nikawaketisha. Nikauliza, "Mnakumbuka nini?" Ilikuwa kama kufungua bomba. Mmoja akataja Mtu wa Boti, akasema likipunguzwa maji ni chakula cha harusi. Mwingine akataja maharage ya uyoga mkavu niliyoyasahau kabisa, yaliyoitwa Kanzu ya Kuazima, kwa kuwa ladha haikuwa yetu lakini ilitukaa vizuri. Hakuna aliyeutaja Ugomvi, na nilishukuru. Hamenya akangoja wote wamalize.

"Mimi nataka yule asiye na mama," akasema.

Kesho yake tulianza. Kila siku chakula kimoja kikubwa kutoka kwenye visufuria vya zamani, kikiwa kimerekebishwa kasoro yake, na pembeni kisufuria kipya kama kawaida. Hana Mama ndiye aliyewarudisha watu. Nitawaambia namna yake, sina choyo. Bilinganya zisiwe kubwa, zikiwa kubwa zinakuwa na mbegu na uchungu. Chumvi kwanza, jua baadaye, moshi mwisho. Ukitanguliza moshi, ndani zinabaki mbichi. Mawese uyapashe hadi harufu ya ubichi iishe, lakini usiyaunguze yakapoteza rangi, maana Mkigoma anakula kwanza kwa macho. Na chanja usiisugue sana.

Mtu wa kwanza kula alikuwa mfanyabiashara mzima mwenye tumbo. Nilimwona anabonyeza kila tonge kwa vidole, anapapasa, anatafuta miiba. Miaka yote ya kula mgebuka imemfundisha hivyo. Alimaliza sahani nzima akipapasa, hakupata mwiba hata mmoja, akaniambia samaki wangu wamesafishwa vizuri. Nikamwambia si samaki. Akanitazama kama nimemtukania ukoo.

Harufu ikaenda mbali. Moshi ule ulipanda mpaka barabarani, na watu wakawa wanashuka wakiufuata. Mabenchi yakajaa. Nami nikawa naimba jikoni, jambo ambalo Anastazia alilivumilia.

Hatukufikiria kitu kimoja. Ziwa limefungwa, kuvua ni kosa, na kutoka nyuma ya banda langu, mchana kweupe, kunatoka harufu ya migebuka inayobanikwa.

Walikuja wawili, maofisa wa uvuvi, mama mmoja mtu mzima na kijana aliyevaa buti. Nyuma yao kundi la watu, na ndani ya kundi nikauona uso wa Sudi. Vijiko vilisimama hewani.

"Shikamoo, Mzee," yule mama akasema. Alikuwa na adabu, na hilo lilinitisha zaidi.

"Marahaba, mama. Karibuni."

"Mzee, tumepata taarifa kwamba hapa wanabanikwa samaki wabichi."

"Hakuna samaki hapa, mama."

"Na harufu hii?"

"Ya bilinganya."

Mtu mmoja kwenye kundi akacheka kwa pua. Yule kijana akanizunguka, akaenda nyuma kwenye chanja. Tulikuwa tumezifunika kwa magunia, kama unavyofunika migebuka ili ishike moshi. Akalivuta gunia. Pale juu ya waya zilikuwa zimelala mistari kwa mistari, zimepasuliwa, nyeusi, zinang'aa mafuta, kila moja na mkia wake.

"Hawa hapa!" akapaza sauti, akamnyanyua mmoja kwa mkia.

Mkia ule ulikuwa kikonyo. Alikigeuza huku na huku, akakinusa. Uso wake ulianza kubadilika taratibu, na wapagazi nao wakaanza kubana vicheko mpaka mabega yakatikisika. Lakini yule mama hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye sufuria kubwa.

"Na mle?"

Ndani hakukuwa na samaki, nilijua, lakini hofu haisikilizi unachojua. Niliwaza, akisema tu "fungeni kwanza tuchunguze," Sudi yuko pale, na kijana wa sola hayuko mbali. Anastazia akapakua sahani. Mama akanawa, akakaa, akamega kipande. Akapapasa kwa vidole, akitafuta mwiba. Akatia mdomoni. Kibirizi nzima ikamwangalia anavyotafuna.

Akameza. Akajifuta vidole.

Basi Hamenya, kwa ile sauti yake isiyo na haraka, akasema kutoka benchi la mwisho, "Mama, samahani. Hoteli hii ukionja lazima useme kasoro. Ndiyo taratibu."

Nilitaka ardhi inimeze. Yule mama akamgeukia, kisha akanitazama mimi, kisha Anastazia.

"Chumvi imezidi," akasema.

Ilikuwa kweli! Baadaye tuligundua kwamba walipokuwa wanashuka barabarani mimi nilitia chumvi kwa hofu, nikageuka, na Anastazia naye akatia kwa hofu yake.

"Na kasoro ya pili," mama akaendelea, "nimeletewa mboga bila ugali."

Kicheko kilichotoka pale, nadhani walikisikia Mwamgongo. Yule kijana wa buti naye alicheka, akakaa, akaomba ya kwake. Mimi niliketi juu ya gunia la mkaa, machozi yananitoka, na sikujua kama nacheka au nalia, ila nilijisikia mwepesi, mwepesi kabisa, kama nimetua mzigo niliobeba tangu Sudi alipokataa ile chai. Anastazia alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Alipoifunua alikuwa anatabasamu na meno yote, mara ya kwanza kumwona hivyo.

Sudi akapenya katikati ya watu. "Kasimu," akasema, "na mimi niwekee. Chumvi siogopi."

Habari ya taa za sola sikuisikia tena mdomoni mwake. Yule kijana wa sola alipata chumba mjini, na siku akija Kibirizi hupita kula.

Ziwa lilipofunguliwa, migebuka ikarudi, na sitawadanganya kwamba hatukuifurahia. Lakini Hana Mama hakuondoka, ana watu wake. Mwaka uliofuata, tangazo la kufungwa lilipotoka, Anastazia alikuwa ameshaongea na wakulima wa bilinganya. Mimi ndipo nilipovua aproni, nikamwachia jiko. Watu waliniuliza kama naumia kuacha. Hapana jamani, nilipumua. Mtu anaumia akiacha kitu ambacho hakina mtu wa kukipokea.

Wewe kijana wa machungwa, kama umefika hapa: weka spika zako, weka na taa. Lakini acha figa moja. Ukiuza simu, ukishona, ukikata nywele, figa hilo unaweza kulitafuta, dakika chache kila siku za kufanya kitu kidogo ambacho jana hukukijua, kwa vilivyobaki, halafu umpe mtu mwenye mdomo mkali. Usimpe mama yako.

Juzi hizi ziwa likiwa limefungwa tena, niliteremka Kibirizi bila kuwaarifu. Nilikuta benchi zimejaa mpaka nje, watu na sahani mapajani. Kwenye figa la pembeni kisufuria cha sikio moja kilikuwa kinachemka. Anastazia akaniona, akaniamkia, akanipakulia kijiko. Kilikuwa viazi vitamu na kitu chenye uchachu ambacho mpaka sasa sijakitambua. Nikala nikiwa nimeegemea nguzo. Hamenya akainuka kunipisha, nikamzuia kwa mkono.

"Kasoro, Mzee?" Anastazia akauliza, mwiko kiunoni.

Nilitafuta. Nilitafuta kwa haki kabisa, maana asiyesema kasoro hapewi tena.

"Nimekula nimesimama," nikamwambia.

Akacheka, akarudi kwenye masufuria yake, watu walikuwa wanamsubiri.